Muulize Mwalimu: Kabla ya Inka palikuwa na watu

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi uliopita nilidokeza, katika aya moja tu, kwamba nilikwenda Bolivia kumtembelea binti yangu anayefanya kazi La Paz, nikavuka hadi Peru, na huko kote nikatumia nafasi hiyo kuyaona magofu ya watu waliotangulia Wainka. Aya moja! Barua zilizokuja kutoka Kondoa, Kongwa, Manyoni na hapa mjini zimezidi hata zile za bei ya zabibu. Basi leo ukurasa wote ni wa magofu. Wanaosubiri jibu la mipaka ya viwanja Nkuhungu wanivumilie, zamu yao inakuja.

Kwanza niseme hili, maana karibu kila barua imeandikwa "magofu ya Inka". Dola ya Inka iliitawala milima ya Andes kwa takriban miaka mia moja tu kabla Wahispania hawajaingia mwaka 1532. Mahali nilipokwenda mimi, yaani Tiwanaku, mji wa kale huko Bolivia, na Chavín, hekalu la kale huko Peru, palijengwa, pakang'ara na pakahamwa kabla dola hiyo haijazaliwa. Nimestaafu kufundisha historia lakini kalamu nyekundu sijaistaafu.

Shikamoo Mwalimu. Mwakani nastaafu. Kijana wangu yuko masomoni huko Amerika Kusini na anataka mimi na mama yake twende tukaione hiyo Tiwanaku. Nina miaka 59, presha ninayo ila natumia dawa. Watu wananitisha kwamba huko hewa hakuna. Ni kweli? — Mstaafu mtarajiwa, Kondoa

Marahaba. Hewa ipo, ila ni nyepesi, na hao wanaokutisha hawajakosea sana. Sisi Dodoma tuko kwenye mita 1,100 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Mlima Hanang, ambao wewe wa Kondoa unaujua, hakifiki mita 3,500. Sasa Tiwanaku si kilele cha chochote. Ni uwanda mtupu wa majani makavu karibu na ziwa Titicaca, unatembea kama unakwenda sokoni, lakini uwanda huo uko mita 3,850 hivi. Uwanja wa ndege wa La Paz, ulioko El Alto, uko mita 4,061. Mpanda Kilimanjaro hufika Horombo, mita 3,720, siku ya pili, kwa miguu, mwili ukiwa umeshaanza kuzoea. Wewe utafika juu kuliko hapo ukiwa umekaa kwenye kiti na mkanda umefungwa.

Katika mwinuko ule kila pumzi inakupa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungeipata Dar es Salaam. Matokeo yake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukatikakatika na kuhema kwa kazi ndogo. Wenyeji wanauita ugonjwa huo soroche, na kwa kawaida huanza saa chache baada ya kufika, si palepale. Ndiyo maana watu hushuka kwenye ndege wakijisifu, wanakula nyama choma, na usiku wanaamka wakitafuta mlango.

Binti yangu alinilazimisha nianzie Cochabamba, mji ulio kwenye mita 2,500 na ushei, nikakaa pale kwanza ndipo nikapanda. Nakushauri hivyohivyo. Kanuni inayofuatwa na wapanda milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mwambie kijana wako asikupangie ndege ya kutoka Lima, ambako ni ufukweni, hadi El Alto, halafu Tiwanaku kesho yake asubuhi. Vijana hupanga safari kwa kuangalia bei ya tiketi.

Kuhusu presha, dawa zako usiziache hata siku moja, na umwone daktari wako mapema ukimtajia namba za mita nilizokuandikia, si kumwambia tu "kuna mlima". Ipo dawa iitwayo asetazolamaidi inayousaidia mwili kuzoea, lakini nayo hukojoza, na baadhi ya dawa za presha zinakojoza pia. Aamue yeye, usinunue duka la dawa kwa kuambiwa na mwenzako. Na jambo ambalo mama watoto alikariri hata kama wewe hutalikariri: mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa kimya, hapewi chai wala haambiwi alale. Anateremshwa chini mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Tena chanjeni homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari. Peru na Bolivia zimo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na kadi ya njano mtaulizwa hapahapa nyumbani mkirudi.

Ukifika, nenda polepole. Akapana, kilima kikubwa cha ngazi walichokijenga, hakifiki hata mita 20 kwenda juu, lakini mimi nilikipanda kwa vituo. Nikiwa nimesimama nahema, bibi mmoja wa Kiaymara, yaani wa wenyeji wa huko, mwenye mzigo mgongoni, umri wangu au zaidi, alinipita akanisalimia vizuri tu bila kupunguza mwendo.

Mwalimu, nimeangalia video nyingi zinazosema mawe ya Pumapunku yalichongwa na viumbe wa sayari nyingine, kwa sababu watu wa wakati ule hawakuwa na chuma wala gurudumu. Wewe umeyaona. Unasemaje? — Mwanafunzi, UDOM

Nasema funga simu usome, mwanangu. Lakini swali lako ni zuri kuliko video zako, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Ni kweli mawe yale yanashangaza. Pumapunku ni sehemu ya Tiwanaku, umbali mfupi kutoka magofu makuu. Kuna mawe ya umbo la herufi H, yamesimama kwa mstari, na ukiyapimia macho utadhani yametoka kwenye kalibu moja. Kuna mabamba ya jiwe la mchanga jekundu yaliyolala chini, kubwa kuliko yote likikadiriwa kuwa na tani 131. Kona zake ni kali. Nilisimama nje ya kamba, maana kuna mlinzi mwenye filimbi na anaipuliza kweli, nikayatazama mpaka binti yangu akachoka.

Sasa tufanye kama tulivyokuwa tukifanya darasani: tusianze na nani, tuanze na jiwe limetoka wapi. Lile jekundu lilichimbwa kilometa kama 10 tu kutoka pale. Lile la kijivu, andesaiti, ambalo ni jiwe la volkano, lilivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, na ufukweni yapo mawe mengine yaliyoachwa njiani mpaka leo. Mwaka 2002 watafiti pamoja na mafundi wenyeji walifunga mashua kwa matete ya ziwani, wakapakia jiwe la tani 9, wakavuka nalo Titicaca. Matete na kamba, basi. Mawe yalichongwa kwa nyundo za mawe magumu zaidi na kusuguliwa kwa mchanga. Kuyafunga yasiachane, walichonga matundu ya umbo la I kwenye mawe mawili yanayopakana, kisha wakaweka vibanio vya shaba iliyochanganywa na aseniki na nikeli. Vingine vilimiminwa humo vikiwa bado uji wa moto. Hiyo ni karakana, na karakana ina fundi mkuu, wanafunzi wake, na watu wa kuwapikia.

Mwaka 2018 mtaalamu Alexei Vranich alitoa nakala ndogo za mawe hayo kwa mashine za kuchapa vitu vya pande tatu, akayapangapanga mezani kama mtoto anavyocheza, na ndivyo alivyoonyesha jinsi jengo lilivyosimama. Alifanikiwa kwa sababu moja: mawe yalichongwa kwa vipimo vinavyorudiwarudiwa. Vipimo vinavyorudiwa ni alama ya watu waliokuwa na kazi nyingi ya kumaliza.

Kuhusu kwa nini mawe yamelala ovyo kana kwamba yamelipuliwa, video zako zingeanza kwa kwenda kijijini kulitazama kanisa. Limejengwa kwa mawe ya magofu, na sanamu mbili za kale zimewekwa mlangoni pake. Baadaye wajenzi wa reli nao wakaja kujichukulia.

Kinachonikera ni jinsi uvumi huu unavyochagua watu. Sijasikia mtu akisema makanisa makuu ya Ulaya yalijengwa na watu wa Mirihi. Lakini kuta za Zimbabwe Kuu walisema ni za Wafoinike, sijui za nani, ilimradi si za Waafrika, hata baada ya mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson kuchimba mwaka 1929 na kuonyesha kwamba ni kazi ya wenyeji. Huko Tiwanaku, Mhispania Pedro Cieza de León alipita mwaka 1549 akawauliza wenyeji kama majengo yale ni ya Wainka. Ameandika mwenyewe kwamba walicheka, wakamwambia yalikuwepo zamani kabla ya hao. Wenyeji walikuwa wanajua. Hakuna aliyewauliza tena kwa muda mrefu.

Mimi ni mkulima wa mtama na alizeti, kila mwaka napambana na mvua. Unasema huko ni baridi na miti hakuna. Sasa watu wa mji mkubwa hivyo walikula nini? — Mkulima, Kongwa

Ndugu yangu, wewe umeuliza swali ambalo wageni wengi wanalipita wakikimbilia kupiga picha Lango la Jua, lile lango maarufu la jiwe la Tiwanaku.

Adui wao hakuwa mvua peke yake, alikuwa jalidi. Usiku mmoja mbaya unaua shamba zima la viazi. Walichofanya ni kuinua matuta mapana, mengine marefu kupita uwanja wa mpira, na katikati ya tuta na tuta wakachimba mifereji ya maji. Mchana jua la mwinuko ule, ambalo linachoma ngozi ingawa kivulini unatetemeka, linayapasha moto maji ya mifereji. Usiku maji yanaliachia joto lile polepole, na mazao yaliyo juu ya tuta yanaokoka. Tope la mifereji linazolewa na kurudishwa shambani kuwa mbolea. Katika miaka ya 1980 wataalamu walioongozwa na Alan Kolata na Oswaldo Rivera waliyafufua baadhi ya matuta hayo pamoja na wakulima wa huko, na jalidi ilipopiga, matuta yalistahimili kuliko mashamba ya kawaida ya jirani.

Nikupe na upande wa pili, maana wewe ni mkulima, hudanganyiki. Sehemu nyingi matuta hayo yaliachwa tena miradi ilipoondoka, kwa sababu kazi yake ni nzito na vijana wamekwenda mjini. Wasomaji wa Kondoa wanaoukumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) wa mwaka 1973, na ng'ombe walioondolewa kwenye ardhi iliyomomonyoka mwaka 1979, wana mengi ya kuongea na wakulima wale.

Viazi wanavihifadhi kwa njia ambayo wasukuma na wanyamwezi wa viazi vitamu watashangaa kuiona, kwa kuwa ni ndugu wa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ila hapa baridi inafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na kisu. Mwezi Juni wanavitandaza viazi vidogo chini usiku, vinaganda. Mchana jua linaviyeyusha. Baada ya siku kadhaa wanavikanyaga kwa miguu mitupu maji yatoke, wanavikausha, na vinakuwa vyepesi kama maganda makavu ya ubuyu. Vinaitwa chuño, na vinakaa miaka bila kuoza. Nililetewa kwenye supu ya nyama. Ladha yake ni ya udongo kidogo, na nilimaliza bakuli kwa sababu ya malezi.

Mahindi yaliletwa kutoka mabonde ya chini kwa misafara ya lama, wanyama wa mizigo wa huko. Kwa hiyo mji ulikula, na ulikula kwa mamia ya miaka, mpaka kufikia mwaka 1000 hivi au baadaye kidogo ulipoanza kuhamwa. Watafiti wengi wanataja ukame mrefu miongoni mwa sababu. Mtu wa Kongwa sina haja ya kumweleza zaidi.

Tukipata nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, twende wapi: Tiwanaku, Chavín au Kuélap? — Wenzi, Ipagala

Chavín. Sifikirii hata kidogo.

Kuélap sikufika, lakini msiiandike kwenye ratiba bila kuulizia kwanza. Ni ngome ya watu wa Chachapoya, kaskazini mwa Peru, yenye kuta zinazofika mita 20 katika sehemu nyingine, na tangu mwaka 2017 kuna gari la kamba linalowapandisha watu. Mwezi Aprili 2022 sehemu ya ukuta ilianguka, pakafungwa, na paliporuhusiwa tena mwaka uliofuata ilikuwa kwa sehemu tu.

Chavín de Huántar iko mita 3,180 hivi, mahali mito miwili inapokutana, mito ya Mosna na Huachecsa. Kutoka Lima mnapanda basi hadi Huaraz, mnalala, mnazoea, kisha mnachukua gari la saa tatu hivi linalopita kwenye handaki lililo mita 4,500. Dereva wetu alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuingia. Nami nikasema dua zangu.

Hekalu lile lilikuwa likifanya kazi miaka karibu elfu tatu iliyopita. Kwa nje utaona uwanja wa duara na kuta, utajiuliza ndiyo hiyo tu? Raha yake iko chini. Ndani ya jengo kuna vijia vya mawe vyenye giza, vinavyopinda ghafla, vyembamba kiasi kwamba mtu mnene anapita kiubavu, na katikati ya kimojawapo limesimama jiwe la mita 4.5 liitwalo Lanzón. Limechongwa kiumbe mwenye meno ya mnyama mkali, nywele za nyoka, mkono mmoja juu na mwingine chini. Hamlikaribii, mnaliona kupitia kizuizi. Linatosha. Nimeingia katika nyumba nyingi za ibada, na ile ndiyo iliyojengwa ili mtu aogope kwanza, maswali baadaye.

Mwaka 2001 kikundi cha mwanaakiolojia John Rick kilikuta katika chumba kimoja cha chini tarumbeta 20 za kombe za baharini, kombe wa maji ya moto ya upande wa Ekwado, zimenakshiwa na kulika pale midomo ilipokuwa ikiwekwa. Bado zinalia. Hebu fikirieni mmeingizwa gizani, hamjui mlango uko wapi, halafu zinapulizwa mahali msipopaona. Watu wa pwani wanaolijua baragumu la pembe wataelewa nusu yake.

Nje, ukutani, kulikuwa na vichwa vya mawe vilivyochomekwa. Kimebaki kimoja mahali pake. Vingine vimo makumbusho ya pale pale mjini, makumbusho nzuri, msiiache. Julio C. Tello, Mperu mwenyewe na mtoto wa milimani, alianza kuichunguza Chavín mwaka 1919, na mwaka 1945 maporomoko ya matope yakaifukia sehemu kubwa, ikabidi kuchimbwa upya.

Naweza kurudi na kigae kidogo cha chungu kama kumbukumbu? Na yale majani wanayotafuna? — Msafiri mpya, Kisasa

Hapana, na hapana. Kigae cha kale kutoka kwenye magofu ni mali ya nchi yao kisheria, kama ilivyo kwetu tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Majani ya koka kule utapewa chai yake hotelini kihalali, kunywa ukipenda, lakini kimataifa yamo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Hata pakiti moja ya majani ya chai kwenye begi itakufanya uwe mgeni wa watu usiotaka kuwa mgeni wao. Nunua kofia ya sufu ya alpaka.

Nyongeza ndogo kuhusu kubeba vitu. Sanamu kubwa kuliko zote za Tiwanaku, ya mita 7 na zaidi, iliibuliwa mwaka 1932 na mwanaakiolojia Wendell Bennett, ikapelekwa La Paz ikasimamishwa mjini, ikala moshi wa magari kwa miongo mingi. Ilirudishwa mwaka 2002. Sasa iko ndani ya makumbusho kijijini kwake, imeshika kikombe mkononi, na wanakijiji wanakukataza kuipiga picha. Mimi sikupiga.

Mwalimu, yote haya ya nini wakati Kolo yenyewe hatujafika? — Msomaji, Chang'ombe

Hili ndilo nililolingoja. Nendeni! Michoro ya miambani ya Kondoa imo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2006, na kutoka hapa mjini hadi Kolo ni kilometa 180 hivi za lami. Michoro myekundu, yenye watu warefu na wanyama, ni ya wawindaji wa kale. Ile myeupe na minene ni ya watu waliokuja baadaye. Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa tambiko kwa Warangi, kwa hiyo mkikuta watu wana shughuli yao, subirini chini.

Msimwagie maji mchoro ili ung'ae kwenye picha, watu wamefanya hivyo na rangi imekwenda. Nendeni asubuhi, viatu vya kufunika, maji ya kutosha. Ripotini kwanza ofisi ya Mambo ya Kale hapo Kolo, mlipe kiingilio, mpewe mwongozo. Gari likiwa la chini liacheni barabarani, maana njia ya kwenda Mungomi ni ya mawe matupu.